Tulivyoandika Haiko

Kila mwanzo wa mwezi mama yangu alituma uniti kwa namba ya mdogo wangu. Uniti kidogo tu, za kuongea dakika chache, ili kampuni isichukue ile namba na kumpa mtu mwingine. Namba yenyewe haikuita. Ukiipiga, sauti ya mwanamke inakuambia kwa Kifaransa kwamba mwenye namba hapatikani, kisha inakuomba upige tena baadaye, kwa adabu kabisa. Mama hajui Kifaransa, kwa hiyo yule mwanamke hakumsumbua. "Akipata rezo ataona uniti ziko," alikuwa anasema, yaani simu ikishika mtandao. Alisema vile kwa miezi, kisha kwa miaka, na aliyetumwa kununua ni mimi, kwa sababu namba niliishika kichwani.

Mdogo wangu alikuwa ameenda Bambu kuchimba dhahabu. Tulishuka pamoja kutoka milima ya upande wa Kpandroma, kijiji chetu kilipokimbiwa, yeye, mama na mimi, tukapanga vyumba viwili hapa Ngezi, mtaa wa Bunia. Mjini alikaa kidogo, akachoka kukaa. Kutoka Bambu alipiga simu mara tatu, kwa telefoni za watu. Mara ya tatu alimuuliza mama kama mbegu ya viazi ya marehemu baba bado iko. Mama akamwambia iko, chini ya kitanda. Kisha upande ule kukawa na vita, kisha hakukuwa na simu tena. Njo vile, ndivyo ilivyokuwa. Siwezi kuipamba.

Mimi nilimhesabu kati ya wafu tangu mwaka wa kwanza. Sikumwambia mama. Wala sikulia. Watu wanafikiri asiyelia ana moyo mgumu; mimi nilikuwa nimekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa kanisani tangu wimbo wa kwanza. Unaupiga, unaona unapigwa, lakini husikii kitu. Niliamka, nilichota maji, nilipika sombe ya majani ya muhogo, nilienda kazini. Mama aliniangalia akasema, "Weye uko sawa na jiwe." Nilimwambia jiwe pia linatakiwa mu nyumba, la kusagia pilipili. Alicheka siku ile.

Kazi yangu wakati ule ilikuwa Sheni.

Inabidi nieleze, kwa maana hata watu wa hapa Bunia walitudhania tunauza vipuri vya pikipiki. Siye watu wa milimani tulikuwa na kundi letu, tulikutana kila Jumamosi mu kiwanja cha kanisa. Karatasi za kijiji zilikuwa zimeungua na nyumba ya shefu, mkuu wa kijiji. Kilichobaki kilikuwa mu vichwa vya watu: shamba la nani linaishia kwa mti gani, chemchemi gani haikauki, maharagwe gani yanavumilia mvua, ganda gani linachemshwa kwa tumbo la mtoto, makaburi yako wapi. Na vichwa vilikuwa vinapungua. Kila mazishi tuliyoenda, tulirudi na ukosefu wa kitu fulani ambacho marehemu peke yake alikijua.

Ndipo akaja bwana mmoja na kompyuta yake, mtu wa mbali, wa nchi za Kiswahili cha vitabu. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Alisema ametuletea hazina ya maarifa isiyo na mkubwa, inayotawaliwa na wenyewe wanajamii, juu ya mnyororo wa vitalu. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kukimbia, kwa hiyo macho yote yakanigeukia mimi. Nikasema: anamaanisha chaîne. Basi ikawa Sheni, kama ya piki.

"Na ikikatika?" aliuliza muzee mmoja, jirani yetu wa Ngezi, Mwislamu aliyechimba dhahabu mpaka kifua kikamkatalia.

Bwana akaeleza kwamba haikatiki. Kila mstari unaoandikwa unashika mstari uliotangulia, kwa hiyo huwezi kuutoa mmoja bila wote kuonekana kwamba umeuchezea. Na nakala haikai mahali pamoja, inakaa mu telefoni ya kila mmoja wetu, na kwa ndugu zetu waliobaki milimani, na kwa waliovuka Uganda. Ukiungua mji mzima, bado iko.

"Kumbe hakuna biro ya kuchoma," alisema mama wa Butembo, akimaanisha ofisi. Tulimwita vile kwa sababu alitoka Butembo kuja kuolewa kwetu, akakimbia na siye kama mtu wa kwetu. Aliuza mafuta ya mawese sokoni. Aliposema vile, watu wakaanza kuamini.

Kila nyumba ikapewa ufunguo wake wa kura, na maneno kumi na mawili ya Kifaransa kwenye karatasi, ya kurudisha ufunguo kama telefoni imepotea. Mama wa Butembo aliweka ya kwake mu mkebe wa chumvi. Mama yangu aliishona mu pindo la kitenge, na tangu siku ile kitenge kile hakikufuliwa na mtu mwingine. Mimi, kwa sababu nilikuwa mwandishi, sikupewa kura. Niliandika tu. Mstari ukiandikwa, nyumba saba zikibonyeza kukubali, umefungwa. Hakuna kufuta. Ukikosea, unaongeza mstari mwingine wa kusahihisha, na wa kwanza unabaki palepale, na kosa lake.

Sheria zilipigiwa kura na watu wenyewe. Moja ilitoka kwa mama yangu. Siku ile tulizungumza juu ya watu, nani yupo na nani hayupo, maana kuna wajanja waliokuwa tayari kumfufua mjomba aliyekufa zamani ili ashike shamba kwa niaba yao. Mama akasimama. Yeye si mtu wa kusimama mu mikutano.

"Mutu akisema mwenzake iko muzima, aseme alimuona na macho yake," alisema. "Sitaki 'nilisikia'. Batu ba kusikia njo banatumalizia mashamba. Saba baseme: niliona."

Wakapiga makofi. Bwana wa pasi akaandika vizuri: kumtangaza mtu yuko hai kunataka watu saba waape kwa macho yao. Mama akarudi kukaa, akanishika goti. Alifurahi sana, mimi niliona. Nakumbuka nilifikiri: sasa huyu amepata kazi ya kumtoa mtoto kichwani. Nilikosea.

Mwaka mmoja hivi baadaye zamu ya kuandikwa ikafika kwa shamba letu. Baba aliliacha kwa mdogo wangu. Ilikuwa Jumamosi ya mvua, bati la kanisa linapiga kelele mpaka unasoma kwa kupayuka. Niliandika mipaka: chini mto, juu mikaratusi mitatu, kushoto kaburi la babu. Niliandika mbegu: viazi vyekundu vya baba, vinavyopandwa mvua ya kwanza. Kisha telefoni ikaniuliza hali ya mwenye shamba. Orodha ilikuwa na maneno mawili tu, Iko na Haiko, yaani yuko na hayuko.

Nikasoma kwa nguvu: "Mwenye shamba, haiko."

"Njo, haiko," alisema mama. "Iko Bambu."

Bambu haikuwa kwenye orodha. Nikachagua Haiko. Watu walitaka kurudi nyumbani kabla maji hayajajaa njiani, wakabonyeza mmoja baada ya mwingine. Mama alikuwa wa saba. Kidole chake kimelimwa na jembe, telefoni hukikataa mara mbili tatu, lazima akifute kwenye kitenge kwanza. Alikifuta, akabonyeza, telefoni ikalia kidogo, mstari ukafungwa. Tukafungua mwavuli tukaenda.

Wiki ya tatu baada ya hapo, mama wa Butembo alifika kwetu asubuhi na kilo mbili za sukari na fungu la kuni kichwani. Alivua ndala mlangoni. Alikaa bila kuambiwa akae, akamshika mama mkono, akasema kwa sauti ya chini, "Pole, mama. Hata weye haukutuambia. Tungekuja tangu zamani."

"Pole ya nini?" aliuliza mama.

"Ya mutoto."

"Nani alikuambia?"

Mama wa Butembo akaniangalia mimi, kama mtu aliyekanyaga kitu gizani. "Sheni," alisema. Akatoa telefoni. Bwana wa pasi alikuwa ametuma orodha mpya kwa Kifaransa, pamoja na ramani, ya kupeleka kwa watu wa serikali. Kwenye shamba letu kulikuwa na msalaba mdogo, na pembeni yake neno décédé, yaani marehemu.

Mama hakupiga kelele. Alichukua sukari akamrudishia mikononi, pole pole. Kuni pia alizirudisha kichwani mwa yule mama, akamsaidia kuzisawazisha. "Aksanti," alisema. "Hii ni ya matanga. Hapa hakuna matanga." Mgeni alipoondoka, mama akanigeukia.

"Futa."

"Mama, Sheni haifutwi."

"Weye njo uliandika. Futa."

Nilimweleza tena habari ya mistari inayoshikana, kama vile hajawahi kuisikia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi mumemuua mahali hata Mungu hawezi kufuta." Akaingia chumbani. Nilisimama pale nikingojea niumie. Niliona kwamba maharagwe yalikuwa karibu kuungua, nikaongeza maji.

Nilimtumia bwana ujumbe wa sauti. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu ni ya maneno mengi: nilimuuliza ni shule gani ilimfundisha kwamba haiko ni marehemu. Alijibu kesho yake, anaomba samahani mpaka inachosha. Kisha akanikumbusha. Siku ya kwanza kabisa aliuliza, "Mtu akifariki, kwenu mnasemaje?" Na yule muzee wa dhahabu, ambaye alikuwa amemzika mke wake juzijuzi, alimjibu, "Siye hatusemi alikufa mbele ya mutu mwenye kilio. Tunasema haiko." Bwana akanitazama mimi, mwalimu, ili nithibitishe. Na mimi nikaitikia kwa kichwa.

Ni kweli. Niliitikia. Kwa sababu ni kweli tunasema vile. Lakini hakuuliza: na mtu aliyeenda sokoni? Tungemwambia: haiko. Na sukari ikiisha mu mkebe? Haiko. Na padri akichelewa misa? Haiko. Neno moja tunalitumia kwa mtu atakayerudi saa sita na kwa mtu asiyerudi kabisa, na siye tunaelewana, kwa maana tunaangalia uso wa anayesema. Telefoni haikuangalia uso wa mama.

Njia ilikuwa moja: mstari wa kusahihisha. Na mstari huo, kwa sheria ya mama yangu mwenyewe, ulitaka nyumba saba ziape kwamba zilimuona mdogo wangu na macho, baada ya ile simu ya tatu.

Hakuna aliyemuona. Nilijua. Mama alijua pia, lakini alisema, "Enda kwa batu. Uwaambie ni mimi naomba." Alikuwa anataka kitu kimoja tu, kwamba mtoto wake asiwe maiti mu kitabu alichosaidia mwenyewe kukitunga. Shamba hakulitaja hata mara moja.

Nikaenda. Wiki nzima nilitembea kartiye kwa kartiye, mtaa kwa mtaa, matope mpaka kwenye kifundo cha mguu, kuomba watu wazima waseme uongo. Mama wa Butembo alikubali kabla sijamaliza kusema, kwa aibu ya ile sukari. Wengine wanne walikubali, mmoja baada ya kuomba muda wa kusali. Wa mwisho alikuwa muzee wa dhahabu. Alikuwa anaota jua mbele ya nyumba, kofia yake ya swala gotini.

"Mimi nilitoka Bambu mbele yeye hajafika," alisema.

"Najua, muzee."

Alikohoa mpaka akamaliza. "Mama yako alinichemshia dawa miezi miwili, mke wangu alipo..." Akachukua kofia gotini. "Nitasema nilimuona. Mungu ananijua."

Hao walikuwa sita. Wa saba alikuwa mama.

Jumamosi kiwanja kilijaa kuliko kawaida. Habari ilikuwa imetembea. Nilisoma mstari nilioandika: "Mwenye shamba huyu yuko hai. Sisi nyumba saba tunaapa tulimuona kwa macho yetu." Niliusoma kwa Kiswahili cha shule, nikidhani uongo utapita vizuri ukivaa nguo za watu wengine. Mama wa Butembo alibonyeza. Wale wanne wakabonyeza. Muzee akavua kofia, akabonyeza, akavaa kofia. Telefoni iliandika: sita.

Nikampa mama. Alifuta kidole kwenye kitenge, kwenye pindo palepale palipo na yale maneno kumi na mawili. Akakiinua. Akakaa nacho vile hewani, halafu akamgeukia muzee.

"Ulimuona siku gani?"

Muzee aliangalia chini.

"Alikuwa amevaa nini?"

Mama akamtazama mama wa Butembo, na wale wengine, mmoja mmoja, bila ukali. Ni kama alikuwa anatafuta kweli. Nafikiri mpaka dakika ile kulikuwa na sehemu yake iliyoamini kwamba kati ya watu sita, labda mmoja hakudanganya.

"Siye njo tulisema macho," alisema mama. "Ni mimi nilisema." Akanirudishia telefoni. "Mimi sikumuona. Bandugu zangu, aksanti. Lakini sikumuona."

Nilimwambia kwa sauti ya chini, "Mama, bonyeza. Kimebaki kidole kimoja."

"Acha, mwanangu." Akakusanya kitenge chake, akasimama kwa mara ya pili maishani, akasema mbele ya mkutano. "Kesho mukuje kwangu na kuni. Na ile sukari, mama, uilete."

Wakaja. Matanga ya mtu asiye na kaburi ni kitu cha ajabu, watu hawajui waangalie wapi. Walikaa kwenye viti vya kuazima, waliimba, wa kanisa na wa msikiti pamoja, muzee akasoma dua yake na katekista akasoma ya kwake. Mama alilia kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu baba afe. Alitoa mbegu ya viazi chini ya kitanda. Nyingi zilikuwa zimeota mpaka zikanyauka, akachagua zilizobaki nzima, akazigawa kwa wale sita. Mimi niliosha sahani. Nilihesabu vikombe vya watu ili kila mmoja arudishiwe vyake. Shangazi mmoja alininong'oneza, "Na weye lia kidogo, batu banaangalia." Nikamwambia sina machozi ya kuonyesha watu. Lilikuwa jibu baya, na yeye alikuwa sawa.

Bwana wa pasi alinipigia baadaye, kwa furaha. Ameongeza neno la tatu kwenye orodha: Hatujui. Sasa mtu anaweza kuwa si hai wala si marehemu, na kwa hilo macho hayahitajiki, inatosha familia kukubali. Nilimpelekea mama habari jikoni. Alikuwa anatwanga sombe.

"Hiyo neno ni muzuri," alisema. "Muiweke kwa ba bengine." Akaendelea kutwanga.

Mwezi ulipoanza, hakunituma. Nilingoja tarehe moja, tarehe mbili. Tarehe tatu nilimuuliza kama kuna kitu cha kununua mjini, akasema chumvi. Chumvi tu. Nikatoka.

Barabarani, chini ya mwavuli wa jua, kuna mama anayeuza uniti, amenizoea. Nilikuwa nimempita tayari, na chumvi mkononi. Sijui nilirudi namna gani. Mimi niliyemzika yule mtoto mwaka wa kwanza, bila kumwambia mtu, mimi niliyeandika Haiko, nilijiona nimesimama mbele ya meza yake ninamtajia namba, yote, bila kukosea, mpaka tarakimu ya mwisho. Chumvi ikamwagika kidogo mezani kwake.

"Za nani leo?" aliuliza, kama kawaida yake. "Za mdogo wako?"

"Za mdogo wangu."

"Iko salama?"

"Haiko," nilimwambia, na hakuniuliza zaidi. Alibonyeza telefoni yake, akangoja kidogo, akasema zimepita.